Gharama ya Njia ya Busoga: Hesabu ya Askofu Hannington na ya Wapagazi Wake, 1885

Waanglikana wa Busoga hawajamsahau Askofu James Hannington. Aliuawa tarehe 29 Oktoba 1885 huko Kyando, katika nchi ya Bunya, ambayo leo imo katika Wilaya ya Mayuge. Kila Oktoba inapofika jina lake hutajwa makanisani, na wapo wanaokwenda mahali pale kusali. Mimi ni mzaliwa wa Bugembe, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Jinja kwenda Iganga na kuendelea hadi Mbale. Hapo ndipo lilipo Kanisa Kuu la Kristo, la Dayosisi ya Busoga iliyoanzishwa mwaka 1972. Nikiwa likizoni husaidia kufundisha darasa la kipaimara, na katika darasa hilo lipo somo lisilokosekana mwaka hata mmoja: somo la kupiga hesabu kabla ya kumfuata Kristo.

Somo lenyewe hutoka katika Injili ya Luka, sura ya 14. Kuna mtu anayetaka kujenga mnara, naye anashauriwa aketi kwanza ahesabu kama mali yake itatosha kuumaliza, asije akachekwa na watu. Kisha kuna mfalme anayetaka kwenda vitani, naye inampasa afikiri kama watu wake elfu kumi wataweza kupambana na elfu ishirini wa adui. Baada ya mifano hiyo miwili, kwa kuwa tuko Busoga, mwalimu huongeza wa tatu: Hannington, mtu aliyeijua bei akailipa. Vijana husikiliza, huandika katika madaftari yao, na somo huisha.

Kadiri ninavyosoma historia ya safari ile ndivyo ninavyoona kwamba mfano wa tatu haukai vizuri pamoja na ile miwili. Au pengine unakaa vizuri mno. Tazama: katika mfano wa mnara, anayeketi kuhesabu ni mwenye mnara, waashi hawatajwi. Katika mfano wa vita, anayeketi ni mfalme. Wale elfu kumi hawaulizwi neno. Na kule Kyando hakufa mtu mmoja. Pamoja na askofu walikufa wapagazi zaidi ya 40 waliotoka naye mbali, na hao hawamo katika somo letu. Hoja ya insha hii ni kwamba Hannington alipiga hesabu, tena kwa makini kuliko wanavyodhani wanaomsifu kwa ujasiri tu na wanaomlaumu kwa ukaidi tu. Ila aliipiga kama hesabu ya nafsi yake, na sehemu kubwa ya gharama ikawaangukia watu ambao hawakuwepo mezani.

Tuanze na hesabu ya askofu. Hannington alizaliwa mwaka 1847 huko Hurstpierpoint, kusini mwa Uingereza. Mwaka 1882 alitumwa na shirika la misheni la Kianglikana, CMS, aende Buganda kwa njia iliyokuwa imezoeleka: kutoka pwani iliyo mkabala wa Unguja, kupitia Mpwapwa na Unyamwezi hadi upande wa kusini wa Ziwa Victoria, kisha kwa maji kuelekea kaskazini. Njia hiyo ilimshinda. Homa na kuhara damu vilimdhoofisha hata ikabidi arudi. Vitabu vinasema alibebwa kwa machela hadi pwani. Sisi tunaosoma Kiswahili tunaijua kauli ya kutendwa na kazi yake: humweka mtendwa mbele na kumwacha mtenda nje ya mlango. Alibebwa, mizigo ilipelekwa, mahema yalipigwa, barua zilifikishwa. Historia ya safari za karne ya 19 imejaa vitenzi hivyo, na kila nikutanapo na kimojawapo hujiuliza "na nani?"

Alifika kwao mwaka 1883, akapata nafuu, na mwezi wa Juni 1884 akawekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Afrika ya Mashariki ya Ikweta. Dayosisi yake ilianzia pwani ya Mombasa ikaishia Buganda. Januari 1885 alitua Mombasa. Tatizo alilolikuta lilikuwa la mtawala yeyote mwenye eneo kubwa: kichwa kiko huku, mikono iko kule, na kati yao hakuna njia. Kutoka Mombasa kwenda Buganda kwa njia ya zamani ilimlazimu mtu ashuke kwanza kusini, azunguke nchi za homa, kisha apande tena. Lakini kati ya mwaka 1883 na 1884 Joseph Thomson alikuwa amekatisha nchi ya Wamaasai hadi karibu na Ziwa Victoria upande wa kaskazini-mashariki, akarudi akiwa hai. Thomson hakuingia Busoga, aligeuka kabla. Hata hivyo alikuwa ameonyesha kwamba njia ya nyanda za juu inapitika, kwamba ni fupi, na kwamba hewa yake ni ya baridi.

Kwa mtu aliyekaribia kufa kwa homa kwenye njia ya kusini, hesabu hii ilikuwa na akili. Gharama alizoziona ni zile ambazo msafiri yeyote wa wakati ule angeziona: kiu katika nyika ya Taru, hongo kwa Wamaasai, njaa mahali pasipouzwa chakula, na uwezekano wa kushambuliwa. Aliziandalia. Alichagua watu, akanunua nguo, shanga na nyaya za kulipia njia, na mwezi wa Julai 1885 akatoka Rabai na wapagazi wapatao 200. Alikwenda pamoja naye shemasi William Jones, mmoja wa Waafrika waliokombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik nchini India, ambaye Hannington mwenyewe alikuwa amempa daraja la ushemasi mwaka uleule pamoja na Ishmael Semler. Msafara ulipita Ukambani, ukapita pembezoni mwa nchi ya Wakikuyu na katika nchi ya Wamaasai. (Ziwa Bogoria la Kenya liliitwa Ziwa Hannington kwa miaka mingi kwa sababu ya safari hii.) Mapema Oktoba walikuwa wamefika Kwa Sundu, yaani kwa Nabongo Shiundu wa Wanga, mahali tunapopaita leo Mumias. Kwa hesabu ya askofu, sehemu ya hatari ilikuwa imekwisha. Iliyobaki ilikuwa fupi.

Kosa la hesabu halikuwa katika njia yenyewe. Lilikuwa katika kile ambacho njia ile ilimaanisha kwa watu wengine. Kabaka Mutesa wa Kwanza alifariki Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga akakalia kiti akiwa bado kijana. Mwaka uliofuata ulikuwa mbaya kwa mtawala yeyote wa bara. Wajerumani chini ya Carl Peters walikuwa wamekusanya mikataba huko Usagara mwishoni mwa mwaka 1884. Februari 1885 Kaisari akaitia nguvu. Agosti manowari zao zikasimama mbele ya Unguja na kumlazimisha Sultani Barghash akubali. Habari hizo zilisafiri na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili hadi Mengo. Na Buganda, inasimuliwa, kulikuwa na imani ya zamani kwamba watakaoimeza nchi watatoka mashariki, upande wa Busoga. Wageni wa kusini walivuka ziwa, na ziwa lilikuwa na mitumbwi ya Kabaka. Aliyewavusha aliwahesabu mmoja mmoja. Mashariki ulikuwa mlango wa nyuma.

Tayari tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa Kianglikana, Yusufu Lugalama, Makko Kakumba na Noah Serwanga, walikuwa wameuawa. Wamisionari waliokuwa Buganda, kina Alexander Mackay na Robert Ashe, waliielewa hali. Waliliambia baraza kwamba askofu angefika Kavirondo tu na kwamba angechukuliwa huko kwa mashua. Barua za kumwonya hazikumfikia kwa wakati. Kwa hiyo askofu alipoingia Busoga kwa miguu hakuwa tu amepita mlango wa nyuma. Alikuwa amewafanya watu wake waliotangulia waonekane waongo mbele ya Kabaka.

Hapa inafaa tusimame kidogo. Ni rahisi kusema kwamba mtu hawezi kuhesabu asichokijua, na kwamba barua zilichelewa. Ni kweli. Lakini aliyekuwa akijua ni nani? Misafara ya pwani ilikuwa na watu waliozijua nchi za bara kabla ya askofu yeyote. Walikuwemo viongozi wa njia walioitwa kirangozi, wanyapara, na wazee wa safari waliokuwa wamesikia moto kwa moto habari za kila ikulu. Hao waliulizwa maji yako wapi na chakula kinauzwa bei gani. Swali la kama safari ilifaa kuendelea halikuwa lao. Na hilo halikuwa la Hannington peke yake. Ndivyo misafara ya Wazungu ilivyopangwa, na misafara ya Waarabu pia.

Mpagazi naye alikuwa na hesabu yake, na sipendi tumfikirie kama mtu aliyebeba bila kufikiri. Mshahara wa mpagazi wa pwani miaka ile ulikuwa karibu reale 5 kwa mwezi. Sehemu yake alilipwa mapema, nayo mara nyingi ilibaki kwa jamaa au kwa wadai wake. Mzigo ulikuwa wa frasila mbili hivi, karibu kilo 30, bila kuhesabu bunduki, mkeka na chungu chake mwenyewe. Posho ilitolewa kwa kipimo, na palipokosekana chakula msafara mzima ulijua ni siku ngapi utavumilia. Wapagazi waligoma, walikaa kitako njiani, walidai nyongeza, na gharama ilipozidi faida walitua mizigo usiku wakatoroka. Wazungu waliandika malalamiko marefu juu ya utoro huo. Mimi nausoma kama kitabu cha hesabu: kila aliyetoroka alikuwa ameketi, akahesabu, akaona mali yake haitoshi kuumaliza mnara wa mwingine.

Msafara wa Hannington ulikusanya watu wa Rabai, wa Frere Town na wa pwani kwa jumla. Frere Town, karibu na Mombasa, ilianzishwa mwaka 1875 kuwapokea watumwa waliokombolewa. Rabai ilikuwa kituo cha misheni tangu siku za Krapf na Rebmann, mwaka 1846, na baadaye ikawa kimbilio la watoro wa mashamba. Kwa mtu aliyewahi kuuzwa, kupokea mshahara kwa jina lake halikuwa jambo dogo. Aliuza nguvu zake mwenyewe, kwa muda maalumu, na mwisho wa safari alirudi kwake. Katika hesabu yake alitia kiu, miiba, jua, baridi ya nyanda za juu, na mikuki ya Wamaasai. Ghadhabu ya Kabaka asiyemjua, juu ya jambo lisilomhusu, haikuwamo.

Kisha ukaja uamuzi wa Kwa Sundu. Askofu aliwaacha pale Jones na sehemu kubwa ya msafara, watu wapatao 150, akachagua 50 wa kwenda naye Busoga. Nimeufikiria sana uamuzi huo, kwa sababu ndiyo mahali pekee katika safari nzima ambapo tunaona hesabu ya watu ikifanyika waziwazi. Unaweza kusema aliwaokoa 150, na ni kweli: waliobaki waliishi. Unaweza pia kuuliza kwa nini 50. Jibu ni kwamba askofu hakuweza kusafiri bila hema, chakula, nguo za hongo na zawadi za wakuu, na vitu hivyo havitembei. Kundi la watu 50 lenye bunduki, likiongozwa na Mzungu na likitokea upande uleule unaoogopwa, ni dogo mno kujilinda na kubwa mno kuaminika.

Na wale 50, je, wangeweza kukataa? Pale Rabai mtu aliyechoka angeweza kugeuka. Pale Kwa Sundu, mwendo wa miezi miwili na zaidi kutoka pwani, kukataa kulimaanisha kubaki bila posho au kuikabili nchi ya Wamaasai peke yake. Mpagazi alikuwa na hiari mwanzoni mwa njia. Kila siku ya safari ilimpunguzia.

Waliondoka Kwa Sundu tarehe 12 Oktoba 1885. Tarehe 21 walikuwa kwa Luba, mkuu wa Bunya. Siku hiyo askofu alipanda mlima kutazama maji ya Naili yaliyokuwa karibu, akakamatwa, akaburutwa na kufungiwa kibandani. Watu wake nao wakafungwa mbali naye. Kwa siku nane Luba alingoja amri kutoka kwa Mwanga. Shajara ya askofu ya siku hizo iliokolewa na ikachapishwa mwaka 1888, na ni maandishi ya kugusa moyo: homa, wadudu, zaburi zilizosomwa gizani, fisi aliyelia karibu usiku. Ni habari za kibanda kimoja. Vibanda vingine vilikuwa na watu pia, na mtu aliyefungwa mikono hana kalamu.

Luba mwenyewe simwoni kama jitu katili la hadithi za Jumapili. Alikuwa mkuu aliyelipa kodi kwa Buganda, na watu wake walijua maana ya majeshi ya Kabaka kuvuka Naili. Amri ilipofika, aliketi na kuhesabu kama yule mfalme wa Luka, akaona hana elfu kumi wala nusu yake. Tarehe 29 Oktoba askofu alitolewa nje akauawa pamoja na watu wake. Wanne walinusurika.

Inasimuliwa kwamba kabla ya kufa Hannington alisema anakufa kwa ajili ya Waganda, na kwamba ameinunua njia ya kwenda kwao kwa uhai wake. Kauli hiyo inajulikana sana, nami siidharau. Mtu aliye mbele ya mikuki akafikiria faida ya wengine si mtu wa kubezwa. Lakini kwa mwanahistoria kitenzi "kununua" kina hesabu ndani yake, na risiti ya njia ile ilipaswa kuandikwa majina zaidi ya 40. Njia hiyo ilitumika. Misafara ya Waingereza iliifuata toka mwaka 1890, reli ikafika Kisumu mwaka 1901, na leo malori yatokayo Mombasa hupita Bugembe usiku na mchana, madereva wakiagiza chai kwa Kiswahili kando ya barabara. Hata mwana wa askofu alikuja baadaye kuwa mmisionari Busoga, na miongoni mwa aliowabatiza alikuwemo mtoto wa Luba. Habari hiyo huhubiriwa sana kwetu, na ni nzuri. Upatanisho ulifanyika kati ya nyumba mbili, ya askofu na ya mkuu. Nyumba za Rabai hazikuwa na mjumbe.

Linganisha na yaliyotokea Buganda kwenyewe. Yusufu Mukasa Balikuddembe, mkuu wa vijana wa ikulu, alithubutu kumlaumu Mwanga kwa kumuua askofu. Alikuwa Mkatoliki, na Hannington hakuwa wa kanisa lake. Aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Mwezi wa Mei mwaka uliofuata Kabaka aliwataka vijana wanaosali wajitenge, nao wakajitenga; wengi wao walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Hapo ndipo ninapouona ule mfano wa mnara ukitimia kikamilifu. Balikuddembe alijua neno lake lingemgharimu nini, akalisema. Vijana wa ikulu waliona mstari umechorwa, wakauvuka kwa miguu yao. Mwenye kuhesabu na mwenye kulipa alikuwa mtu mmoja. Wakatoliki 22 kati yao walitangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na kila mmoja ana jina, kabila na siku yake. Waanglikana nao wana orodha yao.

Wapagazi wa Hannington walipata neno moja. Katika baadhi ya kalenda za Kianglikana, kwa mfano ya Kanisa la Episkopo la Marekani, tarehe 29 Oktoba ni siku ya Hannington "na wenzake". Ni afadhali kuliko kimya. Lakini "wenzake" ni neno la watu walioketi pamoja. Mwenzi hula nawe. Mkataba wa Rabai uliandika mwajiri na mwajiriwa, na miaka mingi ya ibada haiwezi kuubadilisha kwa kubadilisha nomino.

Mhadhiri mmoja aliyesoma rasimu ya insha hii aliniuliza swali zuri: je, mtu aliyekwenda kwa mshahara anaweza kuhesabiwa kuwa mfuasi? Nadhani swali hilo lina mitego miwili. Wa kwanza ni kujibu hapana kwa haraka, kana kwamba askofu na mashemasi waliishi bila posho kutoka chama chao. Wa pili ni kujibu ndiyo kwa haraka. Misafara ya misheni iliajiri mtu yeyote aliyeweza kubeba, awe Mkristo, Mwislamu au wa dini ya wazee wake. Kumvika mtu taji la imani asiyoiungama ni kumhesabia tena bila kumuuliza, safari hii akiwa amekufa. Sidai kwamba wale zaidi ya 40 waitwe mashahidi wa dini. Ninadai kwamba katika somo la gharama waingizwe katika safu ya gharama.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Tunajuaje yaliyotokea Kyando tarehe 29 Oktoba? Shajara inakoma siku ileile. Aliyeiandika hakuweza kuandika kifo chake. Habari za mwisho zililetwa na wapagazi walionusurika, waliorudi hadi Kwa Sundu wakamsimulia Jones. Lugha ya msafara ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo simulizi ambayo kanisa letu hulisoma kwa Kiingereza na Kisoga ilisemwa kwanza kwa Kiswahili, na watu waliokuwa wamekimbia, wenye njaa, mbele ya shemasi aliyekuwa mtumwa. Hapa Uganda wazee wengi bado wanakiona Kiswahili kuwa lugha ya askari wa Idi Amin na ya wezi wa barabarani, ingawa Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 ilikifanya kuwa lugha rasmi ya pili. Ninapokisikia kikidharauliwa uani mwa kanisa hukumbuka kwamba bila hicho Busoga isingekuwa na ushuhuda wa siku hiyo hata kidogo. Ushahidi wenyewe ulibebwa. Na nani? Na wapagazi.

Najua itasemwa kwamba ninaipima karne ya 19 kwa mizani ya leo. Basi tuitumie mizani ya leo kwa mambo ya leo. Vikundi vya vijana makanisani hupanga wiki za uinjilisti vijijini, na bajeti huandikwa vizuri: mafuta ya gari, vipaza sauti, bahasha ya mhubiri mgeni, turubai. Wanawake watakaopika siku tatu kwa kuni walizozitafuta wenyewe hawamo. Mwinjilisti wa kijiji, atakayebaki na waumini wapya mgeni akisharudi Jinja, hayumo. Baiskeli yake haina safu. Wakati wa kushukuru husemwa kwamba chakula kilipikwa na watu walihudumiwa. Mpangaji huinuka mezani akiwa na dhamiri safi, kwa sababu yeye mwenyewe yuko tayari kujitoa, na utayari huo ni wa kweli. Hannington naye alikuwa tayari. Utayari wake haukupunguza uzito wa frasila mbili kwenye bega la mtu mwingine.

Oktoba ijayo nitafundisha tena lile somo. Nimeamua kuwauliza vijana swali lililo nje ya daftari: katika mnara, katika vita na katika safari ya Busoga, ni nani aliyeketi na ni nani aliyesimama? Sitaki kuwaondolea Hannington. Nataka wamwone akiwa Kwa Sundu, siku ile anapochagua watu 50, na wajaribu kukaa mahali pa mmoja wao, aliyesikia jina lake likiitwa.

Jones alingoja Kwa Sundu baada ya kupata habari, akitumaini huenda wengine wangetokea. Kisha akawarudisha watu pwani kwa njia ileile ya nyika na nyanda. Februari 1886 msafara ulionekana ukiikaribia Rabai. Mbele ilitangulia bendera ya buluu iliyoshonwa neno moja kwa herufi nyeupe, Ikabodi, ambalo katika Kitabu cha Samweli ni jina la mtoto aliyezaliwa siku utukufu ulipoondoka Israeli. Nyuma yake walifuata wapagazi mmoja nyuma ya mwingine, kama walivyotoka Julai, na katika mstari wao zilikosekana nafasi za watu zaidi ya 40.